Jeni ya ukame imewaka zaidi kwenye nyanya iliyonyauka kwanza. Nimekosea wapi?

Kikonyo (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Naomba mawazo yenu kabla sijarudi kwa msimamizi wangu, maana mara ya mwisho nilitoka ofisini kwake shati limelowa.

Nafanya utafiti wa shahada ya pili: nyanya na ukame. Nina aina mbili. Ya kwanza naiita A, mche mkubwa, majani mapana, mbegu ya kisasa inayozaa sana. Ya pili naiita B, vijani vidogo, inakua polepole, na sifa yake ni kuvumilia kiu. Nilipanda kwenye vyungu vya ukubwa mmoja, udongo mmoja, nikamwagilia mpaka miche ilipofika wiki tano, kisha nikakata maji kabisa. Siku ya sita nikachuma majani ya aina zote mbili, nikayagandisha kwenye naitrojeni ya kimiminika, nikatoa RNA (nakala ambazo seli huandika jeni ikisomwa), nikahesabu nakala za jeni moja kwa qPCR, kipimo cha maabara cha kuzihesabu: TAS14.

Kwa wasioijua, TAS14 ni jeni ya nyanya inayojulikana tangu 1990. Inatengeneza protini ya kundi la dehidrini, zile zinazolinda seli ikikaukiwa. Mmea ukikosa maji au ukipewa chumvi, inawaka, yaani inasomwa kwa wingi. Kwenye makala nilizosoma inatajwa kama alama ya ukame. Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa nyepesi: B ndiye mvumilivu, basi B ndiye atakuwa na TAS14 nyingi.

Imekuja kinyume. A imewaka mara nyingi zaidi ya B. Na siku hiyo ya sita A ilikuwa hoi, majani yote yanatazama chini, B imesimama kama haijaambiwa kitu. Nimerudia kwa sampuli nyingine, jibu ni lile lile. Sasa jeni ya kuvumilia ukame inawakaje kwenye mmea unaokata roho?

Msimamizi kaniambia maneno mawili tu: "Nenda ukafikiri." Ndiyo nimekuja kufikiri na nyinyi.

Msomaji Kimya

Natandika mkeka hapa.

Jembe Butu

Kikonyo, mimi si mtu wa maabara, ni mtu wa matuta. Lakini swali lako mbona jepesi? Ukipita usiku ukasikia king'ora kinalia kwenye nyumba moja na nyingine kimya, utasema ile yenye king'ora ndiyo salama?

Kikonyo

Dah. Mkuu umenimaliza kwa sentensi moja. Lakini king'ora hakizimi moto. Hii protini inasemekana inalinda seli kweli.

Mzee wa Vitundu

Jembe Butu kasema kweli, na Kikonyo naye ana hoja. Ngoja niwapeleke ndani ya jani taratibu, kwa sababu naona TAS14 imekamatwa peke yake kama mtuhumiwa aliyeokotwa mwisho wa foleni, na mambo yote yametokea mbele.

Udongo ukikauka, maji ndani ya jani yanapungua na seli zinapoteza ule ukakamavu unaolifanya jani lisimame. Kulegea huko kwenyewe ndiko taarifa. Ndani ya muda mfupi jeni iitwayo NCED1 inawaka. Kazi yake ni kutengeneza kimeng'enya kinachokata karotenoidi, na kutokana na kipande kilichokatwa inapatikana homoni ya kiu, asidi ya absisiki, yaani ABA. Hapa huwa natabasamu kila mara: karotenoidi ndiyo ukoo wa rangi nyekundu ya tunda lenyewe, laikopini. Kiwanda kinachopaka tunda rangi ndicho kinachotoa malighafi ya kengele ya hatari.

ABA ikishapatikana inakuta mfumo wa ajabu kidogo. Kuna protini mfanyakazi, kinezi iitwayo SnRK2, ambayo siku zote iko tayari kufanya kazi ila imekaliwa kichwani na breki, fosfatezi za kundi la PP2C. ABA haimgusi mfanyakazi. Inaingia kwenye kipokezi cha kundi la PYR/PYL, kipokezi kinajifunga juu yake kama kiganja, kisha kinamwendea yule breki na kumkamata. Mfanyakazi anaachiwa. Yaani mmea hauwashi kitu, unaondoa kizuizi. Vipokezi hivi vilitambuliwa 2009, baada ya miaka mingi ya watu kuvitafuta na kuvikosa, na vilitambuliwa kwenye Arabidopsis, kile kijimea cha maabara. Nyanya ina mfumo ule ule.

SnRK2 akiwa huru anafanya kazi mbili, na hapa ndipo jibu lako lilipo, Kikonyo.

Ya kwanza ni ya haraka. Anafungua mlango wa utando uitwao SLAC1 kwenye seli mbili zinazolinda kila stomata, vile vitundu vya jani vya kupitishia hewa na mvuke. Chaji hasi zinatoka, potasiamu inafuata, maji yanafuata, seli hizo zinalegea na kitundu kinafunga. Hilo halihitaji jeni mpya kuwaka. Ni dakika.

Ya pili ni ya polepole. Anazitia muhuri protini zinazoitwa AREB, nazo zinaingia kwenye DNA na kutafuta mahali palipoandikwa ACGTG mbele ya jeni. Zikikaa hapo, jeni inasomwa. Dehidrini ziko kwenye msafara huu. RNA inaandikwa, protini inajengwa, na hayo yanachukua saa.

Sasa jiulize: siku ya sita ulipima nini? Ulipima mkia wa nyoka. TAS14 nyingi maana yake ABA ni nyingi, na ABA nyingi maana yake jani limelegea. Umepima kiu ya jani, hujapima kipaji cha mbegu.

Msemaji wa Mwisho

Kwa kifupi mmea ukipata shida unatengeneza jeni mpya za kupambana. Ndiyo maana wazee walikuwa wanainyima miche maji makusudi.

Mzee wa Vitundu

Hapana ndugu. Jeni ni zile zile tangu mbegu. Nyanya iliposomwa vinasaba vyote mwaka 2012 zilihesabiwa jeni kama 35,000 kwenye kromosomu 12. Ukame unabadilisha ni zipi zinasomwa na kwa nguvu gani. Maelfu zinapanda au zinashuka, na zinazoshuka ni habari vilevile. Jeni za usanisinuru na za kutanua seli zinapunguzwa sauti. Ndiyo maana mche wenye kiu unadumaa hata kabla haujanyauka.

BiMbegu

Mzee shikamoo. Naongezea kutoka upande wa uzazi wa mbegu, maana hapa nyanya imetufundisha mambo ambayo mazao mengi hayakuweza.

Kuna miche mitatu maarufu yenye kasoro ya kuzaliwa: *flacca*, *sitiens* na *notabilis*. Yote inanyauka kirahisi hata udongo ukiwa na maji. Ukiitazama mchana wa jua utadhani imesahauliwa, kumbe chungu kimelowa. Shida ni moja, haiwezi kutengeneza ABA ya kutosha, ila kila mmoja umevunjikia mahali pake. *notabilis* umeharibika NCED1 yenyewe, pale pa kukata karotenoidi. Huu ni mpole kidogo kuliko wenzake. *sitiens* umekwama hatua ya mwisho kabisa, kimeng'enya cha kugeuza malighafi kuwa ABA. *flacca* kimeng'enya hicho kipo, lakini kinahitaji kiungo chenye molibdeni kilichokamilishwa vizuri, na ukamilishaji huo ndio umeharibika. Ukinyunyizia *flacca* ABA kwa mkono, inasimama na kuwa kama nyanya nyingine.

Kwa nini nasema hivi kwa Kikonyo? Kwa sababu mwaka 1990 watafiti walichukua jeni za nyanya zilizokuwa zinawaka kwenye ukame, le4, le16 na le25, wakaziangalia kwenye *flacca*. Mche umenyauka kweli, lakini jeni hazikuwaka inavyotakiwa. Wakaupa ABA, zikawaka. Yaani kunyauka peke yake hakutoshi, lazima mjumbe apite. *flacca* ni mmea uliokaribia kufa kwa kiu na king'ora kimya. Kwa hiyo kimya cha TAS14 kwenye B kinaweza kuwa na maana mbili tofauti kabisa: B hana kiu, au B hasikii. Kwa kuwa ilikuwa imesimama wima, naegemea la kwanza. Lakini hujapima, na kuegemea si kupima.

Kikonyo

Shikamoo dada. Hili la king'ora kimya sikuwahi kuliwaza hata siku moja.

Tarakimu

Nimesoma mpaka hapa nasubiri mtu aulize swali la msingi, hakuna. Kikonyo: jani la A lilikuwa na maji kiasi gani siku ya sita? La B?

Kikonyo

Sikupima maji ya jani, mkuu. Nilihesabu siku tu. Zote zilikatiwa maji siku moja, zikachumwa saa moja.

Tarakimu

Basi tumempata mwizi. Siku haijui kitu kuhusu kiu. Umesema A ni mkubwa na majani mapana. Chungu ni kile kile. Mmea wenye majani mengi una midomo mingi, unamaliza maji ya chungu siku ya tatu au ya nne. B na vijani vyake bado anakunywa siku ya sita. Hukulinganisha mbegu mbili kwenye ukame mmoja. Umelinganisha mmea ulio ndani ya ukame na mmea ambao ukame haujaufikia.

Pima maji ya jani kwa uwiano. Chukua vipande vidogo vya jani, pima uzito palepale kabla havijapoteza kitu. Vilaze kwenye maji safi gizani saa kadhaa mpaka vishibe, vikaushe juujuu kwa karatasi, pima tena. Kisha oveni mpaka uzito usishuke, pima mara ya mwisho. Tuseme umepata gramu 0.50, halafu 0.62, halafu 0.08. Toa ukavu kote: 0.42 kugawa kwa 0.54. Jani lina asilimia 78 ya maji linayoweza kubeba. Hiyo namba ndiyo mhimili wako wa chini kwenye grafu, siku zitupe.

Na usipoweza kupima jani, angalau weka chungu kwenye mizani kila asubuhi.

Pili, naomba uangalie vianzio vyako vya PCR, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoishika jeni unayopima. Vilibuniwa kutokana na mfuatano wa DNA wa nyanya ya aina gani?

Kikonyo

Heinz 1706, ile aina ya nyanya iliyosomwa vinasaba vyote 2012.

Tarakimu

B ni jamaa wa karibu wa Heinz?

Kikonyo

…Ina damu ya nyanya pori kwa mbali.

Tarakimu

Ehee. Herufi moja ikitofautiana mwishoni mwa kianzio, PCR inashikilia kwa shida na unaandika "TAS14 ni kidogo" kumbe kianzio ndicho kimeteleza. Tengeneza mfululizo wa myeyusho mara kumi kumi kutoka sampuli ya B, chora mstari. Mteremko ukiwa karibu na −3.3 kianzio kinafanya kazi, kila mzunguko unazidisha mara mbili. Ukiwa mbali na hapo, tafuta kianzio kingine kabla hujafungua mdomo. Na jeni ya kulinganishia usitumie moja tu kwa mazoea. Mmea ukinyauka, hata jeni tunazoziita tulivu zinaweza kuyumba.

Msomaji Kimya

Mkeka haujanisaliti.

Mzizi Mrefu

Mzee, samahani nikupinge. Unasema jani linalegea ndipo ABA inatengenezwa. Sisi tulifundishwa mzizi ndio unaoonja ukavu kwanza, unatengeneza ABA, inapanda na maji hadi kwenye jani na kufunga stomata. Jani linapokea amri tu.

BiMbegu

Nilifundishwa hivyohivyo, na nilifundisha wengine hivyo, Mungu anisamehe. Nyanya ndiyo iliyonivua imani hiyo. Ukibebesha sehemu ya juu ya mche wa kawaida kwenye mizizi ya *sitiens* au *flacca*, unapata mmea ambao mizizi yake haiwezi kutoa ABA ya maana. Kaushia maji. Kama amri inatoka chini, stomata zingebaki wazi. Majaribio ya namna hiyo yaliyochapishwa 2002 yalionyesha zinafunga kama kawaida. Geuza sasa: kichwa chenye kasoro juu ya mizizi mizima. Mizizi inaweza kutuma inachotaka, kichwa kinanyauka.

Mzizi Mrefu

Kwa hiyo mzizi ni bubu?

BiMbegu

Si bubu, ila anaongea lugha nyingine. Kwenye Arabidopsis mwaka 2018 walionyesha kijiprotini kifupi, CLE25, kinatoka mizizini udongo ukikauka, kinapanda hadi jani na kuliamsha litengeneze ABA lenyewe. Pia maji yakivutwa kwa shida chini, mvuto wenyewe unafika juu kama kamba inavyotikisika. Mzizi unabisha hodi, anayefungua kinywa ni jani.

Mzizi Mrefu

Sawa, hapo nimeshuka. Asante dada.

Jembe Butu

Mnaongea vizuri lakini mie mnaniacha njiani. Nina swali la mkulima. Kama mnazijua jeni zote hizi kwa majina, si mchukue ile ya ABA muizidishe, tupate nyanya ya kulala bila maji tupumzike?

BiMbegu

Imefanywa kaka. Mwaka 2000 walichapisha nyanya iliyozidishiwa NCED1. ABA ilipanda kweli, stomata zikabana matumizi ya maji. Mbegu zake sasa: zinakaa ardhini hazitaki kuota, kwa sababu ABA hiyohiyo ndiyo inayoiambia mbegu ilale. Umepata nyanya mbahili inayochelewa kuamka.

Wengine wakapita mlango tofauti. Kuna protini za kuwasha jeni, kundi la CBF na DREB, ambazo haziendi kwa ABA bali zinatafuta maandishi mengine kwenye DNA, CCGAC. Mwaka 2002 waliweka CBF1 ya Arabidopsis kwenye nyanya, iwake muda wote. Ilivumilia ukosefu wa maji, ila ikawa kibete. Mwaka uliofuata wakabadilisha kile kipande cha mbele ya jeni kinachoamua iwake lini, wakaweka cha kuwaka wakati wa shida tu. Umbo likarudi. Jeni ile ile, tofauti ni saa ya kuiwasha. Kikonyo, hilo uliandike kwenye utangulizi wako kwa wino mzito.

Mzee wa Vitundu

Na msisahau upande wa pili. Kufunga stomata ni kufunga mdomo: maji hayatoki, lakini kaboni dioksaidi nayo haiingii. Jua bado linapiga, jani linapokea nishati halina pa kuipeleka, inageuka oksijeni korofi zinazochoma utando wa seli. Ndiyo maana sambamba na dehidrini utaona jeni za wazima moto, SOD, katalesi na APX, zinapanda. Na prolini, aina ya asidi ya amino, inajazwa ndani ya seli kuvuta maji ibaki nayo.

Kwa hiyo mmea mbahili unaokoa maji na kushinda njaa. Kuna kundi lililofanya kinyume kabisa: 2009 walizidisha SlTIP2;2, jeni ya mfereji wa maji kwenye utando wa chumba cha ndani ya seli. Nyanya ile haikubana, iliendelea kupumua maji na kuzaa vizuri kuliko wenzake hata chini ya ukame wa majaribio yao. Mfujaji akamshinda mbahili. Lakini hesabuni vizuri: ukame ukiwa mfupi, mfujaji anashinda. Ukiwa mrefu, mfujaji anakutwa kakauka. Mtu akikuuliza "jeni gani ni nzuri kwa ukame", muulize kwanza ukame wa siku ngapi.

Jembe Butu

Hapo sasa ndio nimeelewa kwa nini kila muuza mbegu ana neno "inastahimili" na hakuna anayesema inastahimili nini.

Nyingine. Nilikosa kumwagilia kama wiki, nikarudi na maji mengi. Matunda yakaoza kitako, jeusi chini, juu zima. Hiyo nayo ni jeni?

Mzee wa Vitundu

Hiyo ni kalsiamu, japo mzizi wake ni habari hii hii. Kalsiamu inasafiri na mkondo wa maji. Stomata zikifunga, mkondo unapungua, na hata kidogo kinachopita kinaelekea kwenye majani kwa sababu ndiyo yanayopumua maji. Tunda halipumui sana, linabaki na deni, na ncha ya chini ndiyo ya mwisho kwenye foleni. Kunyima kisha kufurika ndiyo mbaya zaidi. Mwagilia kidogo kidogo bila kuruka.

Msemaji wa Mwisho

Mimi nilisema wazee walikuwa wananyima maji makusudi, mkanikatiza. Nyanya iliyopata kiu kidogo ni tamu.

Mzee wa Vitundu

Hilo ni kweli, tena nakupa haki yako. Maji yakipungua wakati tunda linaiva, sukari inakuwa nzito kwa sababu haijachujuliwa. Tunda linakuwa dogo vilevile, kwa hiyo utamu umeununua kwa uzito.

Mzizi Mrefu

Kumbukumbu je? Mmea ulioonja kiu unakumbuka mara ya pili?

BiMbegu

Kuna dalili, na nyanya imo. Jeni iitwayo Asr2, ya kundi linalowaka kwa ABA, kiu na kuiva. Kwenye mizizi ya nyanya walikuta ukame unaondoa baadhi ya vibandiko vya methili juu ya DNA ya jeni hiyo. Maandishi ya DNA hayabadiliki, kilichobadilika ni vibandiko. Lakini kutoka hapo hadi kusema mtoto anarithi kumbukumbu ya kiu ya mama ni safari ndefu, na mimi siiuzi.

Nyanya pori ndizo zenye kumbukumbu ya kweli, ya maelfu ya vizazi. *Solanum chilense* inaishi pembezoni mwa jangwa la Atacama. *Solanum pennellii* ya Peru ina majani ambayo ukiyagusa yananata. Vinasaba vyake vilichapishwa 2014. Na kabla ya hapo, 1995, walishakamilisha mistari 50 ya nyanya ya kawaida, M82, kila mmoja umebeba kipande kimoja cha kromosomu ya *pennellii*. Ukitaka kujua kipande gani kina siri, unapanda yote na kuangalia. Kikonyo, kama B yako ina damu pori, tafuta ni kipande kipi kabla ya kuipa sifa TAS14.

Tarakimu

Naongeza jambo moja tu. Kipimo cha jeni kuwaka ni ushahidi wa kuwepo eneo la tukio, si wa kufanya tukio. Ukitaka kujua jeni inafanya nini, ivunje. Kwa CRISPR, ule mkasi wa kukata DNA mahali unapotaka, mwaka 2017 walivunja jeni ya SlMAPK3 kwenye nyanya, miche ikaumizwa na ukame zaidi: basi jeni ilikuwa inasaidia. Baadaye walivunja SlLBD40, miche ikavumilia zaidi: jeni hii ilikuwa inavuta mguu. Na SlLBD40 nayo inawaka kwenye ukame! Ungepima kuwaka tu, ungeziweka kapu moja.

Mche wa Jana

Hamjambo. Kikonyo, kwa nini usitumie PEG, kemikali inayoyashikilia maji mizizi isiyapate kirahisi, mizizi yote ipate ukavu sawa siku moja? Unakwepa habari ya chungu.

Mzee wa Vitundu

Anaweza, na kwa kuona hatua za mwanzo, kama NCED1, ni njia nzuri. Lakini PEG ni kofi. Udongo unaokauka ni deni linaloongezeka taratibu, mmea unapata siku za kujaza prolini na kurefusha mizizi. Jeni zinazojitokeza kwenye kofi si zote utazikuta kwenye deni. Ukitumia PEG, andika PEG, usiandike ukame.

Kikonyo

Wakuu, nimerudi. Wiki kadhaa zimepita, samahani kwa ukimya.

Kwanza vianzio. Tarakimu, shikamoo kabisa. Mteremko wa A ulikuwa mzuri, wa B haukuwa. Nimesoma mfuatano wa B, kuna herufi imetofautiana, ya pili kutoka mwisho wa kianzio kimoja. Nimebuni vingine sehemu ambayo wote wanafanana, sasa mistari yote miwili inalingana.

Pili nimepanda upya. Safari hii nimepima vyungu kila asubuhi, na nimechuma majani kila siku badala ya siku ya sita tu. Mizani peke yake ilinitia aibu: siku ya tatu chungu cha A kilikuwa chepesi mkononi bila hata kusoma namba, cha B ukikibeba unahisi maji.

Nikaitupa siku, nikaweka maji ya jani kwenye mhimili wa chini kama nilivyoelekezwa. Mistari ya TAS14 ya A na B imelaliana. Tofauti yote niliyokuwa nayo imeyeyuka, B inafika pale pale, inachelewa tu siku tatu. Nimeikaa hiyo grafu usiku mzima naitazama. Miezi minne ya kazi ilikuwa kipimo cha ukubwa wa majani.

Jembe Butu

Pole sana. Lakini si umepata jibu?

Kikonyo

Nimepata, na kuna kimoja kilichobaki. Nilipowarudishia maji, TAS14 ya B ilishuka ndani ya siku moja. Ya A ilikawia kushuka, ingawa majani yalikuwa yamesimama tayari. Vianzio ni vipya, na maji ya jani nilipima. Hiki sikielewi.

Mzee wa Vitundu

Sasa hicho ndicho cha kupeleka ofisini. Jani limeshiba na king'ora bado kinalia: ama ABA haijavunjwa, ama protini za kuwasha hazijashuka. Pima ABA yenyewe wakati wa kurudisha maji. Pima na jeni za vimeng'enya vinavyoivunja ABA, kundi la CYP707A. Watu wengi wanapima kunyauka, wachache wanapima kuamka.

Tarakimu

Na bado hujajua kama B ni mvumilivu au ni mdogo tu. Panda A na B kwenye chungu kimoja. Mizizi ichangie udongo ule ule, A akimaliza maji ameyamaliza ya wote wawili. Hapo B hatakuwa na pa kujificha.

Kikonyo

Nimeona ujumbe huu jana usiku, leo asubuhi nimesia. Vyungu kumi na viwili, A mbili na B mbili kila kimoja, na kimoja cha akiba kwa ajili ya panya.